Wino na Karatasi Katika Nchi ya Mvua

Wengi wetu tuliosoma zamani tulifundishwa kwamba mwandiko ni sura ya mtu. Barua ilipofika ilihukumiwa kwa macho kabla haijasomwa: mistari imenyooka au imepanda mlima, herufi zimelala upande mmoja au zinagombana, wino umetulia au umetapakaa. Nami nilifundisha hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza darasani, baadaye nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na sioni sababu ya kuyakana mafundisho hayo. Mwalimu ambaye hawezi kuandika sentensi moja ubaoni bila kuteremka bondeni atamwambiaje mtoto anyooshe mkono wake? Lakini lipo jambo moja ambalo miongozo yetu haikuligusa, nalo ni vifaa vyenyewe. Tulihukumu mkono wa mwandishi. Hatukuhukumu wino wake wala karatasi yake. Tulichukulia kwamba wino ni wino tu, na karatasi ni karatasi.

Katika sura hii nataka kuvihukumu vifaa, na kipimo changu si kile cha wenye maduka. Wao huusifu wino kwa rangi yake na kwa wepesi wa kukauka. Mimi nauliza swali moja: maneno haya yatasomeka baada ya masika mangapi? Kwa mtu wa Dodoma swali hili laweza kuwa la ajabu. Kwa mtu wa Kyela si la ajabu hata kidogo.

Kyela ni bonde. Kaskazini iko milima ya Rungwe, mashariki iko safu ya Livingstone, kusini liko Ziwa Nyasa, na mvua ikishaingia katikati ya kuta hizo haina haraka ya kutoka. Sehemu nyingi za wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na juu ya hayo mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hutuletea maji ya wenzetu wa milimani. Hali hiyo ndiyo inayotupa mpunga, kakao na mawese, wala silalamiki. Lakini karatasi haiipendi. Karatasi ni nyuzi za mti zilizobanwa pamoja, nayo hunywa unyevu wa hewa kama chumvi inavyounywa. Rimu iliyofunguliwa Januari, ikifika Aprili imelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Bahasha nazo hufanya kituko chao: gundi ya kifuniko hupata unyevu, na bahasha hujifunga zenyewe kabla hazijatiwa kitu. Nimepata kuona pakiti nzima imeshikana hivyo dukani, na mwenye duka anaiuza bila wasiwasi kwa bei ileile.

Dawa yake ninayo, na naitoa bure. Tafuta kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, kama yale ya maziwa ya unga au ya biskuti. Kaanga mchele vikombe viwili bila mafuta mpaka ubadilike rangi, uache upoe, uufunge katika kitambaa, uuweke chini ya kopo, kisha panga bahasha na karatasi juu yake. Kila baada ya wiki chache ukaange tena. Mke wangu husema ndio mchele pekee wa Kyela usioliwa.

Sasa karatasi. Mnunuzi wa kawaida hutazama weupe, na weupe ndio udanganyifu wa kwanza. Karatasi ya kuandikia hutiwa wanga au utomvu kiwandani ili isinywe wino kupita kiasi. Ikinyimwa hiyo, hata iwe nyeupe namna gani, wino utaota mizizi: kila mstari unatoa nyuzi pembeni, na herufi *a* na *o* zinazibika matumbo. Njia ya kuijua ni rahisi. Lowesha ncha ya kidole kwa mate, uguse pembe ya karatasi, uhesabu taratibu mpaka kumi. Maji yakibaki juu yanang'aa, hiyo ni karatasi. Yakizama mara moja na upande wa pili ukaonyesha doa, hiyo ni ya kufungia vitumbua. Halafu ishike pembe moja uitikise. Karatasi nzuri hulia. Mbaya hunyamaza kama kitambaa.

Kwa kipimo hicho, fulskepu yenye mistari ya siku zetu za ujana ilikuwa karatasi hasa. Ilikuwa ndefu kuliko A4 ya sasa, na ilivumilia nibu. Karatasi ya daftari la shule ni jambo la bahati: daftari moja zuri, la pili bovu, nyota na picha ya jalada ni zilezile. Kiwanda cha Mgololo, huko Mufindi, kilipoanza kutoa karatasi mwaka 1985, sisi wa vyuo tulifurahi kuliko watu wa viwanda wanavyoweza kufikiri. Tulikuwa tumetoka katika miaka ya dhiki, ambapo mwanachuo alipewa karatasi kama mgonjwa anavyopewa vidonge, na barua iliandikwa pande zote mbili, kisha pembeni, kisha kichwani. Karatasi yao ilikuwa imara, ikapokea wino bila ugomvi. Baadaye kiwanda hicho kilipita katika misukosuko na kubinafsishwa, na siku hizi kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za khaki. Leo tunaandikia karatasi za mashine ya fotokopi, za gramu 80 kwa mita ya mraba. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya unga wa mashine. Kalamu ni mgeni tu pale. Kwa peni ya kawaida zinatosha. Kwa kalamu ya wino, kila rimu ipimwe kwa mate.

Iliyonipendeza kupita zote ilikuwa barua ya ndege, ile ya buluu hafifu iliyokunjwa mara tatu, ikawa yenyewe ndiyo karatasi na yenyewe ndiyo bahasha. Ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, lakini ngumu, na wino uliketi juu yake bila kuzama. Haikuruhusiwa kutiwa kitu ndani. Ilikufundisha kupima maneno, maana nafasi ilikuwa hiyohiyo, uwe unamwandikia mama au waziri. Kasoro yake ilikuwa wakati wa kufungua: mwenye pupa aliichana vibaya na kupoteza mstari mzima, na mara nyingi mstari huo ndio uliokuwa na habari ya fedha.

Tuje kwenye wino, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa ndipo penye shauri lenyewe.

Sisi tulianza na penseli, kisha tulipofika madarasa ya juu tukapewa kalamu ya kuchovya na kidau cha wino. Wino ulikuja kama unga, ukachanganywa na maji na kiranja wa darasa, na ukali wake ulitegemea uaminifu wa kiranja. Kupata kalamu ya wino yenye tumbo lake mwenyewe ilikuwa sawa na kupata viatu. Wino uliosifiwa ulikuwa Quink, wa kampuni ya Parker, ulioanza kuuzwa mwaka 1931. Ulikuwa wa aina mbili, na chupa zilisema wazi: mmoja wa kudumu, mwingine unaofulika. Ule unaofulika, wa buluu ya kifalme, ndio uliopendwa. Ulikuwa na rangi ya kuvutia, haukuziba kalamu, na ukimwagikia shati jeupe mama aliweza kuutoa. Walimu waliupenda, makarani waliupenda. Tukaja kuamini kwamba buluu ile ndiyo rangi ya elimu.

Neno lile, unaofulika, halikutushtua. Wino wa namna hiyo ni rangi iliyoyeyushwa katika maji. Maji yanakauka, rangi inabaki. Maji yakirudi, rangi huondoka nayo. Kwa wenye nyumba za matofali na makabati ya vioo, hayo si hatari. Kwa watu wa bondeni ni sawa na kuandika juu ya mchanga wa Matema, ziwa likiwa limerudi nyuma kwa muda tu.

Zipo wino za tabia nyingine. Iko ile ya kale ya Ulaya, iliyotengenezwa kwa maji ya uvimbe wa miti ya mwaloni na chumvi ya chuma. Ukiandika huonekana hafifu, kisha hewa inaipiga na kuigeuza nyeusi ndani ya nyuzi za karatasi, na hapo maji hayaiwezi tena. Wasajili wa vizazi na ndoa huko Uingereza walilazimika kwa miaka mingi kutumia wino wa aina hiyo, na walijua kwa nini. Kasoro yake ni kwamba una uchachu; ukizidi, baada ya miaka mingi hula karatasi. Uko pia wino wa masizi, yaani kaboni, ambao haujali maji, jua wala miaka, lakini ukiutia katika kalamu ya wino utaiziba siku hiyohiyo. Huo ni wa kuchovya tu.

Baada ya hapo zikaja kalamu za Hero kutoka China. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na sehemu ya gharama zake za hapa nchini ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Hivyo pamoja na mataruma na mahandaki tukapata baiskeli, majembe, chupa za chai, na kalamu. Hero iliyofanana na Parker 51, nibu yake imefichwa kama ulimi wa kobe, ilionekana katika mfuko wa kila mwalimu kuanzia Mbeya hadi Itungi. Kwa maoni yangu hakuna kalamu ya bei yake iliyowahi kuifikia. Nibu ilikuwa nyembamba, na wembamba ni rafiki wa karatasi dhaifu: wino mchache, mizizi michache. Ninayo moja mpaka leo, nayo inaandika.

Hayo ya kalamu yanapendeza kuyasimulia, lakini mimi sikuanza kufikiri juu ya wino kwa sababu ya kalamu. Nilianza kwa sababu ya ng'ombe.

Baba yetu, kama wanaume wengi wa Unyakyusa wa wakati wake, alikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Alikaa huko miaka kadhaa, akirudi na kuondoka. Mwanzoni hakujua kuandika. Barua zake ziliandikwa na karani wa kulipwa, na zilikuwa nzuri ajabu: wino wa buluu unaofulika, karatasi yenye mistari hafifu, herufi kubwa za mwanzo zenye mikia kama ya tausi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea Mama. Zote zilianza vilevile, kwa salamu nyingi, na kwamba ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Salamu zilichukua ukurasa. Habari yenyewe ilichukua mistari minne, kwa kuwa karani alilipwa kwa ukurasa na alijua kuujaza.

Kisha Baba akajifunza kusoma na kuandika huko kambini, na kuanzia mwaka 1962 akaanza kuandika mwenyewe. Aliandika kwa penseli, kwenye karatasi alizochana katika daftari, kwa herufi kubwa zilizosimama moja moja kama nguzo za uzio. Mama alifurahi, lakini nasi watoto tuliokuwa tukijifunza mwandiko wa kuunganisha tuliona kwamba barua za karani zilikuwa za heshima zaidi. Hizo ndizo zilizowekwa juu sandukuni. Za penseli zilitiwa chini.

Baba alifariki mwaka 1971. Mwaka 1979 na 1980 ziwa lilipanda kupita kawaida, na masika ya mwaka 1980 maji yaliingia katika nyumba ya Mama na kukaa siku mbili. Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda. Tulipolifungua na kuzitenganisha karatasi moja moja juu ya mkeka, barua za karani zilikuwa zimebaki karatasi tu, zina wingu la buluu katikati na mstari wa buluu ukingoni, hata neno moja halisomeki. Mikia ya tausi yote ilikuwa imekwenda ziwani. Barua za penseli zilikuwa zimelowa, zimechanika pembeni, lakini zilisomeka zote. Penseli ni risasi ya jiwe, haina rangi ya kuyeyuka. Maji hayana cha kuichukua.

Mwaka uliofuata likazuka shauri la mahari ya dada yetu mkubwa. Watoto wa baba mdogo walidai ng'ombe wote sita walikuwa haki ya baba yao. Sisi tulisikia kwa Mama kwamba wawili kati yao waliwekwa kwake kwa kutunzwa tu. Baba mdogo mwenyewe alikuwa mzee, akili zinakuja na kwenda. Maneno yalikuwa makali, na nyumba mbili zilizokula sahani moja zilikuwa zimeacha kusalimiana. Mbele ya wazee, Mama akatoa karatasi ya daftari ya mwaka 1963. Humo Baba, bila salamu hata moja, alimwandikia mdogo wake akimtajia ng'ombe kwa rangi zao: mwekundu mwenye tumbo jeupe na ndama wake jike hao ni amana, nitakaporudi tutasemezana. Baba mdogo akaomba aishike ile karatasi. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni kaka." Shauri likaisha pale. Ng'ombe mmoja alirudishwa, na mwingine tulimwachia kwa heshima yake.

Nimewasimulia wanachuo habari hii mara nyingi, na kila mara yupo aliyetaka kujua kama namaanisha kwamba mwandiko mzuri hauna faida. Hapana. Mkono wa karani ulikuwa mzuri kweli, na kama angetumia wino wa kudumu ningezitunza barua zake kama mapambo. Nasema kwamba uzuri wake ulikabidhiwa kwa kitu kisichoweza kuubeba, na sisi walimu ndio tuliokuwa tukiwafundisha watu kuuchagua.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kabla yetu. Kwao kulikuwa na wino wa masizi na gundi kwa maandishi ya kukaa. Na kulikuwa na zafarani, ambayo kwayo aya huandikwa katika sahani, zikaoshwa kwa maji, na maji hayo mgonjwa akayanywa, ndilo kombe. Hapo wino unatakiwa ufutike, na ukikataa kufutika haufai. Kila wino na kazi yake, na mwandishi anajua anaandika nini. Katika tenzi zao za kale utaona pia kwamba vifaa havikuonwa kuwa jambo dogo. Ilikuwa desturi ya mshairi kuanza kwa kuomba karatasi na wino. Mwana Kupona, alipotunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, alimwita mtoto asogee karibu na wino na karatasi kabla ya kumwambia lolote. Wahakiki huipita desturi hii haraka wakiiona ni mapambo ya kufungulia. Mimi naiona ni busara ya mama anayejua hana muda. Angeweza kumwambia kwa mdomo tu.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kitabu cha *Barua za Shaaban Robert 1931-1958*, barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kituo hadi kituo, na barua hizo zimebeba mambo ambayo vitabu vyake vingine havikubeba: shida za nyumbani, fedha, ndugu, kazi. Mengi yameandikwa kuusifu ufasaha wake, nami sina la kupunguza. Lakini msomaji ahesabu miaka. Barua ya mwaka 1931 ilikaa zaidi ya miaka sabini kabla ya kufika mitamboni. Imevuka vita kuu, uhuru, na kuhama nyumba. Maana yake ni kwamba karatasi ile na wino ule vilifanya kazi yao, na kwamba yuko mtu aliyezikunja na kuziweka pakavu mwaka baada ya mwaka, bila kuahidiwa na yeyote kwamba zitakuwa kitabu. Ningependa siku moja mhakiki wetu aandike habari za huyo mtunzaji.

Sasa biki. Sisi walimu wa zamani tuliichukia. Ilipoenea shuleni tulisema inaharibu mkono, kwa kuwa mtoto anaikandamiza na kuichora badala ya kuiongoza, na hayo ni kweli. Laszlo Biro, Mhungaria, ndiye aliyebuni kalamu ya kidonge kinachozunguka, na mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa akaifanya ya bei ya kila mtu, nasi tukaipa jina lake. Chukizo letu lilitufanya tusiuchunguze wino wake. Wino wa biki ni wa mafuta. Ukimwagiwa maji unabaki mahali pake. Adui yake ni jua: karatasi iliyobandikwa ukutani kwa mwaka mmoja hupauka. Katika joto hutema matone pia, na kiganja cha mwandishi huyapaka ukurasa mzima. Lakini katika sanduku lenye giza na unyevu, yaani katika hali ya nyumba zetu, biki inashinda Quink ya kufulika mara kumi. Tena ule mkandamizo tuliouchukia una faida moja. Hata wino ukipauka, mfereji unabaki. Washa tochi, uilaze ubavuni mwa karatasi, na maneno hutoka gizani kama njia za mchwa.

Kalamu za jeli zilizokuja baadaye zinateleza vizuri na vijana wanazipenda kwa kuandikia majina kwenye kadi za harusi. Nyingine zina rangi ya unga unaoshika karatasi, nyingine ni rangi ya maji iliyokazwa tu, na kwa kuitazama kalamu huwezi kuzitofautisha. Andika jina lako, ngoja mpaka chai yako ipoe, dondoshea tone la maji. Nimeona kadi ya mchango iliyoletwa wakati wa mvua, jina la mgeni limegeuka doa la zambarau. Yule mgeni alisema hakualikwa.

Kwa herufi za mapambo ushauri wangu ni mfupi. Chuoni nilikuwa na kazi, kila mwaka, ya kuandika kwa mkono majina kwenye vyeti vya heshima, kwa nibu bapa, herufi nene kwenda chini na nyembamba kupanda. Mwaka mmoja mzabuni alituletea wino mweusi wenye kung'aa sana. Baada ya miaka mitano wahitimu wakaanza kurudi na vyeti vyenye majina ya kahawia. Tangu hapo nilitumia wino wa masizi peke yake, wa kuchovya, nikaosha nibu kwa maji kila baada ya majina kumi na kuipangusa. Ni kazi ya polepole. Vyeti nilivyoviandika hivyo bado ni vyeusi. Mmoja nimeuona ukutani Ipinda, bati juu yake linavuja na jina halijatikisika. Wale wanaoandika majina ya mitumbwi kule Matema, na misalaba ya makaburini, hawahitaji somo langu. Wanatumia rangi ya mafuta, na herufi zao, ingawa chuoni nisingezipa alama nyingi, zinasomeka kutoka mbali.

Watu huniambia barua zimekwisha, na kwa sehemu ni kweli. Wajukuu zangu hunitumia ujumbe kwa simu, nami hujibu kwa simu. Lakini yako mambo ambayo bado ninayaandika kwa mkono: mipaka ya shamba la kakao na majina ya majirani waliokuwapo wakati wa kupima, nani amekopeshwa nini, nani alizaliwa lini, na maneno machache kwa kila mtoto. Kwa hayo natumia penseli ya HB kwenye karatasi iliyopita mtihani wa mate, upande mmoja tu. Sahihi na tarehe naweka kwa biki, kwa sababu penseli ina kasoro yake kubwa, kwamba mwenye nia mbaya anaweza kuifuta kwa mpira. Herufi naziunganisha kama nilivyofundishwa, mkono wangu ukinikubalia. Asubuhi za baridi haukubali, nami husimamisha moja moja, kama nguzo za uzio.

Barua ya kwenda mbali inahitaji uangalifu mmoja zaidi. Mifuko ya posta hulowa, na ile iendayo kwa meli kuelekea Liuli na Mbamba Bay hulowa mara mbili. Anwani ya mbele iandikwe kwa biki, S.L.P. kwa tarakimu kubwa, na jina la mtumaji nyuma kwa penseli. Anwani zote mbili zirudiwe juu ya karatasi ya ndani. Stempu ibandikwe kwa gundi ya chupa, si kwa mate peke yake. Kifuniko nacho kipakwe gundi hiyo, kwa kuwa gundi ya kiwandani iliyokaa Kyela msimu mmoja imekwisha kazi yake, hata kama bahasha ilikuwa kwenye kopo la mchele.